Chombo cha Urani katika Ghala la Viazi

Wakati wa vita vya pili vya waasi, Kyakimwa alikuwa mjane mwenye shamba la viazi huko Musienene, upande wa Lubero. Shida ilimwingia pale shemeji yake, Syauswa, alipoleta ghalani mwake mzigo uliofunikwa kwa blanketi, mdogo kama sufuria ya maharagwe, lakini mzito hata wanaume wawili walihema kuubeba. Kilikuwa chombo cha chuma kilichoporwa katika kambi ya kampuni ya barabara karibu na Kayna, baada ya wenyewe kukimbia vita. Ubavuni kilichorwa alama nyeusi juu ya njano, kama mapanga matatu ya feni. Syauswa alisema ndani mna urani, na mnunuzi yuko njiani kutoka Beni.

Habari ikasambaa. Mbuzi wa jirani yake, Kahongya, alipoharibu mimba, vidole vyote vilielekezwa ghalani. Sokoni wanawake wakaanza kuvipita viazi vya Kyakimwa.

Akamwita Ngalula, mwalimu wa fizikia wa shule ya misheni, mwanamke wa Kasai ambaye vita vilimfungia njia ya kurudi kwao. Ngalula alikitazama kutoka mlangoni, hakuingia. Akaeleza kwamba vyombo kama hivyo hupima udongo wa barabara kwa mionzi ya hatari, na kwamba ule unene wa chuma ndio unaoizuia isitoke. Majirani hawakumwamini. Walinong'ona kwamba mwalimu ni mtu wa serikali, na hao hukutisha ili wakichukue wao. Kyakimwa akamvuta pembeni.

"Madamu, uniambie kweli. Wewe unaweza lala mu hii nyumba?"

Ngalula akajibu, akichanganya Kifaransa. "Hapana, mama. Kama imefungwa muzuri, mutu anapita tu, haina neno. Mais sina mashine ya kupima, donc sijui kama haikupasuka. Kitu moja najua: watu basiifungule hata kidogo."

Tangu vita vianze, kila mkubwa aliyepita alikuwa akiwaambia hakuna hatari. Huyu alisema hajui. Kyakimwa akamsadiki.

Mnunuzi alifika asubuhi ya siku ya soko pamoja na askari watatu, akataka kuona kilichomo. Syauswa akachukua patasi na nyundo. Kyakimwa akasimama katikati ya mlango. Askari mmoja akashusha bunduki kutoka begani, akaishika tayari.

"Shemeki, toka," Syauswa alisema kwa sauti ya chini.

Kyakimwa hakutoka. Alimpokonya shemeji yake patasi, akamnyooshea mnunuzi. "Papa, kama haina mubaya, ufungule wewe, na mikono yako."

Mnunuzi aliitazama ile patasi. Askari wakatazamana, aliyeshusha bunduki akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Mwishowe mnunuzi alisema atarudi siku nyingine, akapanda gari lake. Syauswa akaketi juu ya gunia la viazi, jasho likimtiririka.

Siku hiyohiyo Syauswa alichimba shimo mwenyewe, mbali na kisima, kwenda chini kuliko urefu wa mtu. Walikisukuma chombo kwa miti mirefu, wakakifunika kwa mawe na udongo mzito.

Musienene hawakununua tena viazi vya Kyakimwa. Ikambidi avipeleke Lubero, ambako hakujulikana. Vita vilipotulia, walikuja watu wenye mashine za kupima, wakakitoa chombo kikiwa kizima, wakasema udongo hauna neno. Kyakimwa aliwapikia, akawashukuru. Lakini pale palipokuwa na shimo hakulima tena, wala majirani zake.