Bunduki Nne za Papa na Vikaratasi Vyake

Papa, baba yetu, alikuwa na bunduki nne, na katika hizo nne hapakuwa na moja ambayo ingeweza kumtisha hata kuku. Ya kwanza ilikuwa ya babu, ndefu sawa na kitanda, ya kushindilia baruti mdomoni. Ya pili iliachwa na Wajerumani katika vita vyao vya kwanza, na kitako chake kilikuwa kimefungwa kwa ngozi ya mbuzi. Ya tatu ilitengenezwa na mhunzi mmoja wa milimani, na aliyeitazama vizuri aliona kwamba mtutu wake uliwahi kuwa bomba la baiskeli. Ya nne ilikuwa bunduki ya kuwindia, ya mitutu miwili, aliyopewa na mzungu mmoja wa pamba wa kule bondeni siku chache baada ya uhuru, mzungu huyo alipofunga mizigo yake garini na kukimbilia Usumbura, ng'ambo ya mpaka. Bunduki alimwachia Papa. Risasi akaondoka nazo.

Tulikaa Kimanga, mtaa wa mji ulio kando ya ziwa. Papa alikuwa amemaliza kazi yake ya miaka mingi ya kusafisha silaha za polisi pale teritwari, kama tulivyoiita ofisi ya serikali, na hakujua afanye nini na Jumamosi zake. Basi kila Jumamosi alitandika mkeka uani, akazilaza bunduki zake juu yake, akazipaka mafuta ya mawese mpaka zikang'aa. Mama alilalamika kwamba katika nyumba hii sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, inapikwa kavu ili vyuma vinenepe. Mtu aliyezoea kukaguliwa na Wabelgiji hakuona sababu ya kumjibu mke kuhusu mafuta.

Siku moja mikono yake, iliyokwisha kuanza kutetemeka, iliiangusha bunduki ya babu juu ya mguu wake mwenyewe. Alichechemea wiki nzima, na katika wiki hiyo akaamua kwamba amezeeka, na kwamba lazima ijulikane nani atarithi nini. Akavaa koti, akaenda teritwari kuomba ruhusa ya kuwagawia wanawe silaha kwa sheria. Nilimsindikiza, kwa hiyo haya niliyasikia kwa masikio yangu. Kwenye kiti cha mzungu aliyekuwa mkuu wa teritwari kabla ya uhuru alikuwa amekaa karani wetu, mtu tuliyesali naye kanisa moja, naye alikuwa akijizungusha kwa sababu kiti kilikuwa cha kuzunguka.

"Urithi?" akauliza. "Basi lete karatasi ya kifo."

"Kifo cha nani?" Papa akauliza.

"Chako, papa. Bila karatasi ya kifo minye naandika nini?"

Papa alifikiri kidogo, kwa heshima kabisa, kama mtu anayetafuta namna ya kuitimiza amri hiyo. Halafu akauliza kama hawezi kuileta baadaye.

Tulirudi bila muhuri. Njiani alisema serikali isipomwandikia atajiandikia mwenyewe. Kule kwenye ghala la polisi kila bunduki ilikuwa na kikaratasi kigumu kilichofungwa kwa uzi, na juu yake jina la askari wa bunduki hiyo, ili asubuhi pasiwe na kugombania. Papa hakuona duniani utaratibu mzuri kuliko huo. Mimi nilikuwa nikifundisha kwenye shule ya masista, na mwandiko wangu ulisifiwa mpaka na maaskofu, basi akanipa kazi. Nilikata vikaratasi vinne kutoka jalada la daftari, nikaandika majina ya kaka zangu wanne kwa wino mweusi. Jina langu halikuwepo. Nilipouliza, Papa alishangaa kweli kweli, akaniambia kwamba mimi nitaolewa.

Kaka yetu mkubwa, tuliyemwita Yaya, alikuwa karani wa pamba. Tangu uhuru alikuwa akivaa tai hata siku ya kwenda kuoga ziwani, na miwani ambayo hakuna daktari aliyemwandikia. Kwa kuwa ni mzaliwa wa kwanza, Papa alimwandikia bunduki ya babu. Yaya alisoma kikaratasi, akavua miwani, akakisoma tena. Alitaka ile ya mitutu miwili, ambayo ilikuwa imepewa wa pili. Akaacha kula kwetu. Akaita kikao cha ukoo, halafu cha pili, halafu cha tatu, na katika vyote alieleza kwamba bunduki ya mzungu inamfaa mtu wa ofisi. Wajomba walialikwa kama mashahidi, wakala, wakaulizwa maoni. Mjomba mmoja akasema kwa utani kwamba mkishindwa kuelewana tuleteeni sisi upande wa mama. Yaya hakucheka. Wiki nzima alimuuliza Mama kama ndugu zake wana mpango wa kuichukua bunduki ile.

Mwishoni Papa alichoka, nami nikaandika vikaratasi vipya. Yaya alipata mitutu yake miwili, na wa pili akapewa ya babu. Tangu siku hiyo kila alipokuja kusalimia alipitia kwanza chumbani, akavuta sanduku la bunduki chini ya kitanda, akakigusa kikaratasi chake kwa kidole gumba, ndipo akaja kuuliza hali ya mama yake. Nilimcheka sana. Nilimpenda pia, niseme wazi, maana ndiye aliyenifundisha kuandika, akinishika mkono, wakati Papa alipokuwa akisema kalamu haitapika ugali.

Halafu habari zikaanza kuja kutoka bondeni, kwamba kuna uasi, na kwamba vijana wanapewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Askari wa serikali wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta silaha, wakaruka yetu kwa sababu ya kumheshimu mzee aliyewasafishia silaha. Hapo ndipo nilipoona ukarimu ambao sijauona tena katika ukoo wetu. Kaka zangu watatu, waliokuwa wamenuniana mwaka mzima kwa ajili ya vyuma hivyo, wakaanza kuachiana. Wa pili alimwambia wa tatu kwamba bunduki ya babu inamstahili yeye, kwa mabega yake. Wa tatu alisema mabega si kitu, anayestahili ni kitinda mimba. Kitinda mimba alisema yeye ameokoka. Mama alitaka zote zitupwe ziwani. Yaya alikubali kwamba tatu zitupwe, lakini ile moja tuifikirie kwa utulivu. Papa alikataa kabisa: bunduki zina wenyewe, majina yameandikwa, na mpaka siku ya kifo chake hakuna atakayezigusa. Tukalihamisha sanduku kutoka chini ya kitanda hadi chini ya kuni, tukajiona watu wenye akili. Hakuna aliyefikiria vikaratasi. Mimi niliyeviandika sikuvifikiria.

Waasi waliingia mji, na asubuhi moja wakaingia kwetu wakati Mama anatwanga sombe. Walikuwa kama kumi, wenye majani vichwani. Mkubwa wao alikuwa kijana wa umri wa kitinda mimba, na pembeni yake alikuwepo polisi mmoja wa zamani aliyewakimbilia na koti lake. Ilisemekana wanawaua makarani, kwa hiyo Yaya, aliyekuwa amelala kwetu kwa woga, alikuwa hana tai wala miwani. Alivaa kaptula ya Papa ya kulimia na kutazama chini kama mtu asiyejua hata herufi moja. Kuni ziliondolewa. Sanduku likafunguliwa.

Yule polisi alivishika vikaratasi, uso wake ukafurahi.

"Mukubwa, hii iko kama ya ghala," akasema. "Kila bunduki na muntu yake. Beko tayari kabisa!"

"Soma majina, tuende nabo," mkubwa akamwambia.

"Kusoma ilikuwaka kazi ya sajini."

"Nani anajua kusoma hapa?"

Ndipo Mama akanisukuma mgongoni. "Huyu binti," akasema. Alijua nilichoandika, na alijua nitafanya nini. Sijawahi kuaminiwa namna ile.

Nilikishika kikaratasi cha kwanza. Kilikuwa na jina la kaka yangu wa tatu, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikasoma jina la babu.

"Huyu iko wapi?" mkubwa akauliza.

"Alishakufa," nikasema.

Cha pili nikasoma jina la baba mkubwa, aliyezama ziwani. Cha tatu nikasoma la baba mdogo wa Papa.

"Na huyu?"

"Naye alikufaka."

"Ninyi hamna bazima katika hii nyumba?" mkubwa akauliza, na wenzake wakacheka. Nikaona tumepona. Kilibaki kimoja, cha mitutu miwili, nami nilikuwa nimeishiwa na wafu wa upande wa Papa. Nikaazima kwa Mama. Nikasoma jina la marehemu mjomba.

"Hapana!" Yaya akapiga kelele. "Ile haiko ya bajomba! Iko yangu! Weye dada, soma muzuri!"

Naamini hata yeye mwenyewe alilisikia neno lake baada ya sisi kulisikia. Mchi wa Mama ulikuwa umesimama hewani. Mkubwa alimtazama Yaya kuanzia miguuni, taratibu.

"Njo weye mwenyewe?"

Yaya angeweza bado kusema amekosea. Alinitazama, akaitazama bunduki, akanyoosha shingo kana kwamba anarekebisha tai.

"Njo minye," akasema. "Jina yangu iko pale."

"Basi beba bunduki yako. Kuya."

Walichukua bunduki zote nne na kaka mmoja. Papa alifuata mpaka barabarani akijikokota, akawapigia kelele wasisahau mafuta kila Jumamosi. Nilitamani kumziba mdomo. Baadaye serikali ilirudi, waasi wakapanda milimani kuelekea kusini, na Yaya hakuonekana tena. Tulichopata ni maneno ya wafanyabiashara wa Kavimvira, kule mpakani, kila mmoja akiwa amemwona mahali pake. Papa aliomboleza kwa namna yake: alirudi teritwari kueleza kwamba silaha zilitolewa bila sahihi.

Mama hakunilaumu hata mara moja. Kaka zangu watatu walizeeka, wana wajukuu, na wananiambia mpaka leo kwamba wanaishi kwa sababu yangu. Lakini kabla ya siku ile, barua zote za nyumba nilimsomea Mama mimi. Baada ya kunisikia nikisoma yasiyoandikwa, kila barua iliyofika aliifunga kwenye pindo la kitenge chake, akatembea nusu saa hadi kwa mwinjilisti akasomewe huko. Alinipita barazani nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, akaniuliza kama nimekula, akaenda zake.