Aliyeomba Maji Akiwa Ukutani

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa tumalizane, maana sitaapa. Ila kama umewahi kufika kwetu Machakos, pale barabara ya Kyamwilu, umejionea wageni wakimwaga maji ya chupa na maji yakapanda mlima. Hayo mnayapiga video na kucheka. Basi na haya yangu yasikilize hivyo hivyo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kumtunza susu, yaani nyanya yangu mzaa mama, kwa sababu miguu yake ilikuwa imekataa kabisa na mama alishinda sokoni kwenye kibanda chake cha mboga. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Susu alilala sana, nami nikakaa mlangoni na simu. Kulikuwa na gemu moja iliyoniingia kichwani: kijitu kisicho na uso, ndani ya majengo meupe yasiyo na mwisho. Ukibonyeza, ukuta unageuka sakafu na kijitu kinatembea juu yake. Kikiteleza kinaanguka, kinaanguka, kisha kinatokea juu na kutua palepale kilipotoka. Hakuna kufa. Labda ndiyo sababu niliipenda.

Alasiri moja, jua likiwaka, nilikuwa nimekwama kwenye mlango ambao sikuona njia ya kuufikia. Nikasikia mtu amesimama kando yangu.

"Nipe maji kidogo, mwana wakwa."

Sauti ya mama mzee, ikiniita mwanangu kwa Kikamba. Kwetu maji huletwa na punda kutoka mbali, lakini mgeni hanyimwi. Hilo nalijua tangu utotoni. Macho yangu yaliona pindo la leso na akala, zile ndala za tairi, moja imefungwa kwa waya wa buluu. Niamini, nilizitambua akala zile. Nilizitambua na bado kichwa hakikuinuka.

"Ngoja kidogo, mama. Namaliza hii."

"Sawa. Lakini usikawie."

Nikageuza ukuta, nikageuza dari. Akaomba tena, nami nikamwambia tena angoje. Mara ya mwisho sauti haikutoka kando yangu. Ilitoka juu ya kichwa changu.

"Mimi sasa naenda," akasema.

Hapo ndipo nilipoangalia. Susu alikuwa amesimama ukutani. Sisemi alikuwa ameegemea. Nyayo zake zilikanyaga matofali kando ya dirisha, na mwili wake ulitokeza juu ya uwanja kama msumari. Leso haikuning'inia kuja chini, ilielekea ukutani. Hakuwa amekasirika, na heri angekasirika. Aliupanda ukuta ule polepole kama mtu anayetoka kanisani, akavuka mabati, kisha akaangukia angani.

Unajua nilifanya nini? Nilingoja. Mjinga mimi, nilitazama chini nikitegemea atokee upande wa pili, kama kijitu changu.

Nilipokimbia ndani, susu alikuwa kitandani, ameshakata roho, mkono umenyooka kuelekea mlangoni. Akala zake zilikuwa chini ya kitanda, soli zimejaa vumbi jekundu la matofali.

Mama alifika mbio kutoka sokoni. Alilia, kisha akanishika mikono.

"Lakini si alikubariki? Jana aliniambia wengine wote amemaliza, amebakisha wewe peke yako. Akasema leo atakuomba maji akutemee kifuani."

Sisi Wakamba tuna desturi hiyo. Mzee akihisi safari imekaribia, hujaza maji mdomoni akakutemea kifuani, pamoja na maneno ya heri. Kumbe susu hakuwa na kiu. Maji yale yalikuwa yangu mimi.

"Alinibariki," nikamjibu mama.

Tangu siku hiyo maji hayanitaki. Nikishika bilauri, maji yanalalia upande ulio mbali nami. Padri akinyunyiza maji ya baraka, matone yanapinda hewani. Kofia ya jirani inalowa, mimi nabaki mkavu. Cheka tu, hata mimi ningecheka. Ila wageni wakija nyumbani, mama huninyooshea kidole kwa fahari: "Huyu ndiye aliyebarikiwa na susu mwisho." Wote husema amina, nami naitikia, na roho inaniuma.

Mama naye sasa magoti yanamsumbua. Nampelekea maji kabla hajaomba, asubuhi na jioni. Anadhani ni mapenzi. Nampenda, ndiyo, lakini zaidi naogopa.

Wewe unayenisikiliza, ukiombwa maji inua kichwa kwanza, utazame anayeomba amesimama wapi. Na hilo neno "ngoja kidogo" liangalie sana. Mimi nililitoa bure, na susu hakuwa na kidogo cha kungoja.