Chumba cha Walioletwa

Rafiki yangu Mwajuma alikaa kiangazi kizima ndani ya chumba kisicho na mlango. Chumba hicho nilikijenga mimi, na siku alipopata haki ya kutoka, nilimrudisha ndani kwa uongo. Tulikuwa na umri wa miaka kumi, au kumi na mmoja.

Nipange mambo kama yalivyotokea.

Sisi tuliokulia Ujiji miaka ile hatukuwa na vitu vya kuchezea vya dukani. Tulikuwa na kokwa za chikichi, vifuniko vya soda, maganda ya viberiti na jua la kutosha. Kiangazi hicho mjomba alileta kalenda ya ukutani yenye picha ya jumba kubwa jeupe katikati ya jangwa. Kuba zake zilikuwa za mviringo kama mayai, na mbele yake alipiga magoti ngamia mmoja aliyeonekana kukerwa na kila kitu. Niliitazama picha ile mpaka nikaanza kujua nani anaishi nyuma ya kila dirisha. Baada ya wiki moja nikaamua tulijenge.

Bibi, mama yake mama, alikuwa na sinia la bati lililotoboka, halifai tena kwa pilau. Nililijaza mchanga tuliochota ufukweni Kibirizi, mchanga ambao dagaa walikuwa wameanikwa juu yake miaka na miaka, kwa hiyo jangwa letu lilinuka dagaa. Hakuna aliyeona ajabu. Kuta zilikuwa za viberiti na kuba za maganda ya mayai. Dhahabu ya mfalme ilitoka kwenye karatasi za ndani ya pakiti za sigara. Katikati niliweka ziwa, kwa sababu hatukuweza kufikiri kwamba watu wanaweza kuishi mahali ambapo ukigeuka huoni maji. Walinzi wa jangwani walikula ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu. Mama akipita barazani alisema neno lilelile kila siku: "Mchanga huo ukiingia kwenye unga wangu, mtanitambua."

Mchezo ulikuwa hivi. Kila mtu alikuwa na kokwa yake ya chikichi, na kokwa hiyo ndiyo yeye. Mimi nilisimulia: umefika ukumbi wa mazulia, mbele yako kuna mlinzi mwenye jicho moja, utafanya nini? Mchezaji alisema atakalofanya, kisha alirusha dadu letu moja, tuliloliiba kwenye ludo ya mjomba, na dadu likaamua. Mimi niliitwa mwenye jumba. Neno langu lilikuwa sheria.

Tulikuwa wanne. Zuhura alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa jirani, na watu wake walikuja zamani kutoka pwani kufanya biashara. Edna alikuwa Muha, mama yake mtu wa Mwamgongo, kijiji cha kandokando ya ziwa, na likizo zikiisha alirudi na boti akinuka moshi wa samaki. Wa nne alikuwa Mwajuma, nyumba ya tatu kutoka kwetu, msichana mwembamba mwenye sauti nzito kama ya mtu mzima.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Bibi alikuwa na namna yake ya kuwagawa watu wa Ujiji. Kuna waliokuwapo, kuna waliokuja, na kuna walioletwa. Hakulisema hilo hadharani. Alilisema akichambua mchele, kwa sauti ya chini, hasa ikitajwa posa ya mtu. Kuhusu nyumba ya kina Mwajuma alisema, "Watu wazuri, lakini wale hawakuja. Waliletwa na mizigo vichwani." Nimejiambia miaka mingi kwamba sikuelewa. Si kweli. Sikujua historia yote ya misafara ya pembe na watumwa, lakini masikio ya mtoto yanajua sauti ya dharau hata kabla ya kujua maana ya maneno.

Nikaliweka neno la bibi ndani ya jumba langu. Edna alianzia bustanini, kwa sababu watu wake walikuwapo. Zuhura alianzia lango kuu. Nyuma ya jikoni, chini ya ghala la tende, nilijenga kiberiti kimoja kilichozibwa pande zote nne, nikakiita Chumba cha Walioletwa. Nikaichukua kokwa ya Mwajuma nikaiweka humo. Sheria ya kutoka: kupata sita mara tatu mfululizo.

Hakuuliza kwa nini. Aliangalia kile kiberiti, akasema, "Haya. Humo ndani kuna mkeka?"

Nikasema uwepo. Nilidhani atachoka baada ya siku mbili. Badala yake, kila zamu yake ilipofika, alirusha dadu, akakosa, kisha akatusimulia chumba. Ukutani kulikuwa na ufa, na kwenye ufa kulikuwa na mjusi ambaye alimfundisha salamu. Kupitia ukuta alisikia wapishi wakigombana kuhusu chumvi, na kwa kusikia tu alijua mfalme ni mgonjwa, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalijua. Zuhura aliacha kutafuta hazina. Edna alikaa bustanini bila kusogea, akisubiri zamu ya Mwajuma. Jumba lenye kumbi na mazulia nililotunga kwa wiki nzima likawa halina mtu. Wote waliishi ndani ya kiberiti.

Niliona wivu. Sina neno jingine la heshima zaidi.

Mchana mmoja, kabla ya kwenda madrasa, Mwajuma alirusha, ikawa sita. Akarusha tena, sita. Edna akashika mdomo. Mara ya tatu dadu lilizunguka juu ya mchanga, likapanda kifusi kidogo, likalala. Sita.

Zuhura alipiga kigelegele. Mimi nikasema, "Limegusa ukingo wa sinia. Halihesabiki."

"Halikugusa," Edna akasema.

"Jumba la nani?"

"Lako. Lakini halikugusa!"

"Basi ondoka kwenye jumba langu, rudi Mwamgongo ukacheze na nyani."

Mwajuma alinitazama. Hakulia wala hakukasirika, na ningependa angefanya mojawapo. Alisema, "Wacheni. Mimi nimeshazoea humo." Akairudisha kokwa yake kwenye kiberiti kwa mkono wake mwenyewe. Siku zilizofuata alikuja kama kawaida na alirusha dadu zamu yake ilipofika, lakini hakutusimulia tena chumba. Kisha mvua za kwanza zikanyesha, jangwa likawa tope, na mama akalitupa sinia.

Tulikua. Tulihudhuria harusi na misiba ya kila mmoja. Mwajuma alinichezea ngoma harusini, mimi nilimpokea mtoto wake wa kwanza. Jambo lile hatukulitaja, ingawa mpaka leo ananiita mwenye jumba, na majirani wapya hapa Rusimbi, ninakoishi sasa, wanadhani ni kwa sababu nyumba yangu ina ghorofa.

Mwaka huu binti yangu Salma, ambaye yuko chuo, alirudi likizo na wenzake watano na mfuko wa madadu yenye nyuso ishirini. Wanacheza sebuleni kila Jumamosi mchana. Ni mchezo uleule wetu, ila wao wana vitabu, na wanaweza kubishana saa nzima kama ngamia anapanda ngazi, kisha wakauliza simu. Sisi ngamia wetu alikuwa jiwe na alipanda popote. Vijana hawa hawawezi kuingia jangwani bila chipsi na soda baridi.

"Mama, msimulizi wetu anataka jumba la jangwani," Salma akaniambia. "Wewe unajua kuchora. Tusaidie."

Nilichora kwa furaha kwenye karatasi ya manila. Kumbi, bustani, na ziwa ambalo walilicheka. Salma aliinama, akaweka kidole nyuma ya jikoni, chini ya ghala la tende.

"Hiki hakina mlango, mama. Mtu anatokaje?"

Nilikuwa sijui kama nimekichora.

Kesho yake nilikunja karatasi nikaenda Kibirizi. Mwajuma ana chanja zake za kuanikia dagaa pale, na wabeba mizigo wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa ofisa yeyote. Aliniona kwa mbali.

"Heee, mwenye jumba! Umefuata dagaa au umenifuata mimi?"

"Nimekufuata wewe."

"Basi sema haraka, nani kafa?"

"Hajafa mtu." Nikafungua karatasi juu ya gunia. Alijifuta mikono kwenye kanga, akatazama. Sikumwonyesha. Kidole chake kilikwenda chenyewe nyuma ya jikoni.

"Umekiweka palepale," akasema.

"Mwajuma, lile dadu halikugusa ukingo."

Aligeuza dagaa, fungu moja, jingine. "Najua. Edna anajua, Zuhura anajua. Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

Nikamwambia anisamehe. Akasema bila kunitazama, "Dadu halikuniuma sana, shoga. Siku ile ya kwanza nilikwenda nyumbani nikamuuliza baba, sisi tuliletwa na nani? Baba alikuwa anakula. Akanawa mikono. Chakula kilikuwa bado kimejaa sahanini, akanawa mikono, akatoka nje. Hakunijibu mpaka tunamzika."

Kijana mmoja alimwita kuhusu magunia. Alimfokea, akarudi, akaikunja ile karatasi taratibu, akaipachika kiunoni chini ya kanga.

"Hii niachie. Nitaona kama kuna mahali pa mlango."

Sijui alisema hivyo kwa kunisamehe au kwa kunifukuza.

Ninapowasikia vijana sebuleni, nawacheka kwa soda zao. Lakini kabla ya kuanza, kila mmoja wao alipewa karatasi tupu akaandika mwenyewe yeye ni nani, ametoka wapi, wazazi wake ni kina nani. Msimulizi hakumwandikia mtu. Enzi zetu tulikuwa na mchanga, kuba za mayai na mjusi aliyefundisha salamu, na ningetoa vyote ili siku ile ya kwanza niwe nimemuuliza Mwajuma, "Wewe unataka kuanzia wapi?"

Jumamosi tatu zimepita. Wachezaji wa Salma wamekaa nje ya lango la jumba, ngamia wao wana kiu, na kila wiki ananiuliza ramani iko wapi. Iko Kibirizi. Mwajuma hajairudisha, wala hajasema kama atairudisha.