Dakika Tatu za Theola Zilizokatwa Kwenye Sherehe ya Krismasi

Saa mbili asubuhi, toroli la tatu la mashuka machafu limeshaingia. Ardella Fontenot anayavuta moja moja, anayakung'uta, anakagua pindo, anayasukumia ndani ya mashine. Dirisha la chumba cha kufulia limefunikwa na mvuke. Juu ya mashine ya kukaushia kuna redio ndogo, imezimwa.

"Ikifika Desemba nilikuwa naiwasha kuanzia asubuhi mpaka natoka," anasema bila kugeuka. "Mwaka huu sitaki kusikia kengele wala malaika. Wabaki nazo wenyewe."

Ana umri wa miaka 69. Hii ni Desemba yake ya thelathini na moja katika nyumba ya wazee ya Palmetto, mjini Inglewood, na kwa siku moja hupitisha mikononi mwake mashuka yasiyopungua 140. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena, kwa hiyo hukunja mashuka kwa kutumia kiganja na kidevu.

Wazee wa Palmetto wengi hawalijui jina lake. Wanamwita Msichana wa Kushoto.

Jina hilo lilitoka kwenye televisheni. Mwaka 1976 Ardella, dada yake Theola na binamu yao Verlene walialikwa kuimba katika "Mlango wa Pili Kushoto", kichekesho kilichokuwa kikitazamwa karibu kila nyumba ya mtaa wao. Ilikuwa sehemu ya Krismasi. Mzee Purvis, mtunza jengo mwenye kisirani, amepiga marufuku sherehe. Wapangaji wanaingia chumbani kwake kwa nguvu na masufuria ya mboga, paja la nguruwe la kuoka na keki za viazi vitamu. Wakati huohuo lifti imekwama, na wasichana watatu waliokuwa wanakwenda kuimba ghorofa ya juu wanabisha hodi kwake.

"Verlene alisahau kiatu kimoja nyumbani," Ardella anakumbuka, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Nikampa changu cha kulia. Mimi nikaimba nimesimama nyuma ya kochi, mguu mmoja peku. Watazamaji mia mbili wamekaa pale studio mbele yetu, Theola ananinong'oneza, 'We kilema, simama wima!'"

Theola alikuwa na miaka ishirini na mitatu, naye ndiye aliyekuwa sauti ya mbele. Wimbo aliutunga mwenyewe jikoni kwa mama yao, akauandika kwenye mfuko wa karatasi wa dukani. Ulihusu binti ambaye hatafika nyumbani Krismasi, anamwomba mama yake asizime taa ya barazani. Meneja wao, Lucius Pettway, alipopeleka karatasi za wimbo kule studio, mahali pa jina la mtunzi aliandika lake.

"Alisema ni utaratibu tu. Tulikuwa watoto wa kanisani, tungejua nini?"

Walitazamia kurekodi santuri baada ya hapo. Haikurekodiwa. Figo za Theola zilianza kumsumbua mwaka uliofuata, na Aprili 1979 akafariki. Kundi likafia hapohapo. Ardella hakuimba tena mbele za watu. Alifanya kazi mashuleni, hotelini, mwishowe Palmetto.

Kilichobaki cha Theola kilikuwa picha mbili za mnato, zote amefunga mdomo, na dakika tatu za sherehe ya Mzee Purvis zilizokuwa zikirudiwa kila Desemba na kituo kimoja cha pale mjini.

"Mama alikuwa anavuta kiti mpaka karibu kabisa na televisheni," anasema Ardella. "Theola akianza tu, Mama anaweka kiganja kwenye kioo. Wimbo ukiisha anaondoa mkono, anaenda kuosha vyombo. Alifanya hivyo mpaka anakufa."

Palmetto nayo ikajenga desturi yake. Baada ya chakula cha Krismasi, kila mwaka televisheni ilikuwa ikiwashwa na wazee wakigeuziwa viti. Bi Hortense Guidry, mwenye miaka 93, hawatambui hata wanawe siku hizi, lakini kila wasichana walipotokea mlangoni kwa Mzee Purvis alikuwa akianza kupiga makofi kabla hata ala hazijalia.

Mwaka jana kile kituo kiliacha kurusha vipindi vya zamani. Mratibu wa burudani wa Palmetto, Denise Yarbrough, akaitafuta sehemu ile kwenye huduma ya kutazama kwa mtandao, akaipata, akafurahi. Picha ilikuwa safi kuliko miaka yote.

Mzee Purvis akafungua mlango. Wasichana watatu kwenye korido. "Nimeita fundi wa lifti," akasema. "Nyie spana zenu ziko wapi?" Ukumbi mzima wa Palmetto ukacheka.

Papo hapo, kwenye televisheni, wageni wa sherehe wakawa wanapiga makofi, Mzee Purvis anafuta machozi, na wasichana wanaaga.

"Mbona wanaaga na hawajaimba?" Bi Hortense akauliza.

Denise alichukua rimoti akarudisha nyuma. Mlango, spana, makofi. Akarudisha tena. Mara ya tatu Bi Hortense alianza kulia, na mzee mmoja akapaza sauti, "Zima hicho kitu, Denise! Unamtesa mwenzio!"

Ardella alikuwa amesimama ukutani na vitambaa vya meza mkononi.

"Nilijiona kama mtu aliyekuta dada yake kazikwa mara ya pili," anasema, "na safari hii hata kuitwa sikuitwa."

Januari aliipigia simu kampuni inayomiliki kipindi. Alihamishwa kutoka mtu hadi mtu kwa siku nne, mpaka akampata kijana wa idara ya vibali aliyekuwa na subira.

"Mama, ule wimbo hauna kibali cha kuonyeshwa mtandaoni. Mtunzi aliyeandikwa ni Lucius Pettway, na hatumpati."

"Humpati kwa sababu kafa. Na aliyeutunga ni dada yangu."

"Una karatasi yoyote ya kuthibitisha?"

"Karatasi ilikuwa mfuko wa dukani, mwanangu. Ulikuja na viazi."

Kijana yule alimweleza kwamba mrithi wa Pettway akitia sahihi, wimbo unaweza kurudishwa. Ilimchukua Ardella miezi mitano kumpata binti wa Pettway, Camille, mwalimu mstaafu anayeishi Bakersfield. Juni alichukua siku ya mapumziko, Verlene akaendesha gari. Walikwenda wamejiandaa kwa ugomvi.

Camille aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Baba yangu alikuwa hivyo," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu asije mtu mlangoni kwangu kwa ajili ya mambo yake. Nipeni kalamu."

Walirudi wakipiga kelele kama wasichana. Verlene akasema waimbe, wakaimba. Ubeti wa kwanza walikwenda nao vizuri. Walipofika wa pili, wote wawili wakanyamaza.

"Nikamwambia, 'Endelea basi.' Akaniambia, 'Endelea wewe.' Shoga, hakuna aliyekuwa anaujua. Ubeti ule Theola alikuwa anaimba peke yake, sisi tunaitikia tu. Miaka yote nilidhani ninao kichwani. Nina sauti yangu ya kuitikia, basi."



Jibu la kampuni lilikuja Agosti. Kibali kimetolewa. Lakini kanda iliyoko ghalani, walipoifungua, waliikuta ni nakala ambayo vituo vilipewa zamani, iliyofupishwa ili matangazo yapate nafasi. Ile nzima haikuonekana, na kile kituo cha mjini kilichokuwa kikirusha nakala nzima kilikuwa kimeshatupa kanda zake. Kijana wa vibali alipiga simu mwenyewe badala ya kuandika barua. Alisema miaka ile kanda zilikuwa ghali, na mara nyingi kipindi kingine kilirekodiwa juu yake.

"Akaniambia, 'Mama, hatuna cha kurudisha.' Nikamwambia asante. Ningesema nini tena? Ni yeye peke yake aliyenisikiliza."

Alikuwa amebakiwa na tegemeo moja, kanda ya video aliyorekodi mwenyewe kutoka kwenye televisheni mwaka 1988 na kuihifadhi juu ya kabati la nguo. Aliipeleka kwa fundi wa barabara ya Crenshaw. Fundi aliifungua kwa bisibisi, akamwonyesha utepe ulioota ukungu mweupe toka mwanzo hadi mwisho. Alijaribu siku mbili. Kilichotoka ni mistari ya kijivu na mvumo kama wa maji ya bomba.

"Alivua miwani kwanza, ndipo akanipa pole. Kama daktari vile."

Oktoba Verlene alianguka jikoni kwake na hakuamka. Kanisani, wakati wa mazishi, mchungaji alimwomba Ardella aimbe. Alisimama, akafungua mdomo, akakaa chini.

Tangu hapo Denise amemwona akibadilika. "Hali chakula cha mchana na wenzake," anasema. "Namkuta kule chini kashika shuka, mashine imeshasimama, yeye kasimama tu. Najilaumu. Ningeweka katuni siku ile asingejua."

Mwaka huu ni katuni zitakazoonyeshwa.

Denise ndiye aliyeandika tangazo, akalisambaza kwenye kurasa za watu wanaokusanya vipindi vya zamani na kwenye majarida ya makanisa. Aliomba yeyote mwenye kanda ya sherehe ya Mzee Purvis ajitokeze. Walijitokeza kumi na mmoja. Kumi walikuwa na nakala zilizofupishwa.

Wa kumi na moja ni Alphonse Teague wa mji wa Gary, jimbo la Indiana, tarishi mstaafu. Mke wake alilala kitandani miaka sita kabla ya kufariki, na mzee huyo alikuwa akimrekodia kila kitu alichopenda. Ana kanda 312 kwenye maboksi chini ya ngazi. Hazina maandishi. Macho yake yamekwisha, hawezi kuzitazama, na nyumba inauzwa Februari.

"Nilimuuliza kwenye simu, 'Kaka, sherehe ya Krismasi unaikumbuka?'" Ardella anasimulia. "Akasema, 'Ya Purvis na lifti? Vizuri sana.' Nikamuuliza, 'Wale wasichana waliimba, au waliingia wakaaga?' Nikasikia anapumua tu. Mwisho akasema, 'Dada, nisikudanganye. Mke wangu ndiye aliyekuwa anatazama. Mimi nilikuwa nabonyeza kitufe tu naondoka kwenda kugawa barua.'"

Ardella ameomba likizo kuanzia tarehe nne Januari. Atasafiri kwa treni zaidi ya siku mbili, amepakata deki ya video aliyoazimwa na yule fundi wa Crenshaw, na atakaa sebuleni kwa mzee Teague akitazama kanda moja baada ya nyingine. Ameshapiga hesabu: kanda moja ni saa mbili, na akitazama saa kumi kwa siku, wiki mbili hazitamfikisha hata robo. Likizo yake ni ya wiki mbili.

Je, wimbo usipokuwamo?

Anakunja shuka moja, analibana na kidevu, anaanza jingine.

"Kuna pale kabla hajaanza," anasema. "Theola anamwangalia Mzee Purvis, halafu anavuta pumzi. Mabega yanapanda hivi." Anainua mabega yake, shuka bado liko kifuani. "Ubeti ukipotea, umepotea, nimeshakubali. Nikiipata hiyo pumzi tu, nitarudi nayo nyumbani."