Neno "husband" lilivyonipa mke Kasoli

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sina haja ya kuongeza chumvi.

Mimi ni ticha wa English hapa Bariadi. Mwaka jana nilienda Kasoli kumposa Kabula, mshenga wangu akiwa mjomba. Mnajua siku hiyo muoaji hana mdomo. Unakaa, unaangalia chini, mshenga ndiye anaongea.

Mambo yalikuwa safi hadi baba yake Kabula alipouliza ukoo wa baba yangu.

Wakuu, baba yangu simjui. Mama alinilea peke yake kule Bukundi.

Mjomba akaanza kukohoa, mara aombe maji.

Mzee akasema binti yake haendi kwa mtu asiye na asili. Akaongeza kwamba nafundisha Kizungu cha watu huku kwangu sikujui. Iliniuma sana, na Kabula nilimwona anapotea hivi hivi.

Uzalendo ukanishinda. Nikafungua mdomo.

"Baba, hata neno husband kwa asili si la Waingereza. Lilikuja na wageni waliovuka bahari, wakaishia kulima huko. Nusu yake ni nyumba, nusu ni mtu anayekaa na kulima kwake. Maana ya mume ilifuata baadaye. Na leo hakuna anayeliuliza kwao ni wapi."

Mjomba ananikanyaga mguu, wapi, nimeshasema.

Mzee akaniangalia. "Kwa hiyo nyumba kwanza, mke baadaye. Wewe unayo?"

Hiyo ilikuwa penati bila kipa, wakuu. Nikamweleza nyumba ya tofali za kuchoma niliyojenga Bukundi, juu bati, mama anaishi humo, na shamba la pamba nyuma yake nalima mwenyewe kila likizo.

Wazee wakatoka nje kuteta Kisukuma. Waliporudi wakanisomea hukumu: faini ya mbuzi kwa kuongea mbele ya mshenga.

Nikanywea. Nilijua safari imeishia hapo.

Mzee akacheka. "Ng'wanone, mwanangu, mgeni huwa hatumpigi faini. Tunampiga wa kwetu."

Mbuzi nilimtoa nikiwa natembea kifua mbele. Kabula yuko hapa anasoma ninavyoandika, anadai yule mbuzi alikuwa mdogo.

Nilichojifunza: usione aibu kwa kitu ambacho hukukichagua. Onyesha ulichojenga.

Haya, na nyie ukweni mlipigwa faini gani? Wale mliolipa ng'ombe mzima anzeni.