Boila Ilipoacha Kuvuja

Mwanangu alikuwa hajatimiza wiki boila ilipoanza kuvuja. Tuliishi ughaibuni, mtaa wa Farsta, kwenye nyumba za safu, zile zinazoegemeana ukuta kwa ukuta, na boila yetu ilikuwa kuukuu kuliko ndoa yetu mara kadhaa. Ilikaa kwenye chumba cha kufulia, tangi jeupe la kuchemshia maji ya nyumba, kimo cha mtu mzima. Ubavuni mwake kilitoka kibomba cha shaba kilichoelekea shimo la maji sakafuni, na hicho ndicho kilichokuwa kikitoa maji ya moto, mwanzoni tone kwa tone, halafu mchirizi usiokatika.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Hallunda kuniuguza uzazi. Yeye ni Mrundi wa Bujumbura, mimi Mkenya, na humo ndani mwenye amri alikuwa yeye. Asubuhi na jioni alinikanda kwa maji yanayofuka mvuke, mimi nikilia, yeye akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyonizidi. Alikuwa ameshatangaza kwamba mtoto hataona nje mpaka Jumapili, siku ya kumtoa, ambapo bibi yake atambeba mwenyewe na kuvuka naye kizingiti mbele ya watu wa kanisa, chakula kikiwa mezani. Kwao mtoto hatolewi ovyo. Mimi nilikuwa na mshono, na sikuwa na nguvu za kubishana.

Fundi bomba niliyempigia alisema angekuja siku inayofuata. Kesho yake asubuhi, mume wangu akiwa kazini Södertälje, nilimkuta mama mkwe akitoka kwenye chumba cha kufulia, anajifuta mikono kwa kitenge.

"Nimeshaifunga," alisema. "Ile maji ya moto ilikuwa inapotea bure."

Alikuwa amechonga mpini wa mwiko, akauvika mfuko wa plastiki na kuupigilia ndani ya kibomba. Juu yake alizungusha utepe wa mpira aliokata kwenye tyubu ya baiskeli ya mwanawe, akaukaza mpaka mpira ukageuka rangi. Hapakuwa na tone hata moja. Nilimshukuru, tena kwa moyo. Kwetu pia bomba likivuja hufungwa mpira, na maisha yanaendelea.

Adhuhuri fundi alipiga simu kusema theluji imemkwamisha njiani. Nikamwambia, kwa Kiswidi changu cha adabu, asijisumbue, kwa kuwa boila imeacha kuvuja.

"Imeachaje?" aliuliza.

"Tumeziba kile kibomba cha ubavuni."

Akauliza kama boila inatoa sauti yoyote. Nilikwenda na simu hadi mlangoni pa chumba cha kufulia. Ilikuwa inagonga, mlio mzito wa ndani kwa ndani, na mabomba ya ukutani yalikuwa yanatetemeka. Nikasogeza simu asikie mwenyewe.

Aliongea polepole, neno moja moja, na upole huo ndio ulionitisha. Kibomba kile, alisema, ndiyo pua ya boila. Kama kilikuwa kinatiririka, basi maji yanachemka kupita kiasi, na sasa hayana pa kupumulia. Nizime umeme wote. Nisiguse kizibo. Nisifungue bomba lolote. Nitoe kila mtu, niwagongee majirani wa ukuta, twende nyumba ya mbali.

"Tangi linaweza kupasuka," alisema. "Tokeni sasa."

Nilizima umeme. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye korido, mtoto mikononi, mgongo wake ukielekea mlango ule ule wa boila. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Huyu mtoto hatoki inje. Hii baridi itamuua mbele ya boila kupasuka."

"Mama, heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Siku yake ni Jumapili."

Nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo mke wa mtu hamwambii mama mkwe, na hayakumsogeza hata hatua. Nilifikiria kumpokonya mtoto, nikaogopa tutavutana aanguke. Nyuma yake boila iligonga kwa kishindo kilichotikisa vyombo jikoni. Mtoto alikuwa amelala. Nilimtazama yule mwanamke na nikamchukia kwa roho yangu yote, na chuki hiyo ndiyo iliyonipa akili.

"Basi mtoe wewe," nikasema. "Si wewe ndiye wa kumtoa? Mtoe sasa hivi, kwa heshima yake yote."

Alinitazama. Akafungua koti lake, akamfunga mtoto kifuani kwa kitenge, akaomba kwa Kirundi, maneno machache. Alipovuka kizingiti alisimama, akafunua uso wa mtoto, akauonyesha mbingu, theluji ikianguka. Nikamsukuma mgongoni.

Majirani wa ukuta hawakuwepo. Aliyetufungulia ni mzee wa ng'ambo ya njia, ambaye tangu tuhamie alikuwa akitusalimu kwa kichwa tu. Aliona kitoto ndani ya koti akatupisha. Tulikaa jikoni kwake tukitazama madirisha yetu, na kila theluji ilipoporomoka kutoka paani nilishtuka.

Fundi alifika theluji ilipopungua, akaingia peke yake, akakaa humo muda mrefu akingoja boila ipoe. Aliporudi alisema kidude cha kukata umeme maji yakishapata moto kiliungua siku nyingi, na tumbo la tangi limevimba kwenye mshono. Tangi ni la kutupwa. Mkononi alishika kile kipande cha mwiko na mpira wake.

"Nani alifanya hivi?"

Nilimtafsiria mama mkwe swali, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Mwambie ni mimi," alisema.

Nikamwambia. Fundi akageuza kizibo mkononi. "Alifunga vizuri mno," alisema. Hilo sikulitafsiri.

Tuliporudi nyumbani mama mkwe hakuvua koti. Alikaa ukingoni mwa kochi, mfuko wake wa safari miguuni. Mtoto alianza kulia mikononi mwangu. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kulia mara mbili kabla ya bibi yake kumchukua. Safari hii bibi alimtazama tu, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Mama, nishikie."

"Mshike weye," alisema. "Hii mikono..."

Nilikuwa bado na hasira, na sitadanganya kwamba iliisha siku ile. Nilitaka alichofanya kimuume, na niliona kinavyomuuma. Nikainama, nikamlaza mtoto mapajani mwake, nikaondoa mikono yangu kabla hajatoa yake, ikambidi amshike.