Kimo cha Wajukuu

Jumamosi ya Pasaka mvua ilinifungia kwenye duka la madaftari, Mkomaindo. Mbele yangu bibi mmoja aliomba vitu vya wajukuu kuchezea ndani sikukuu.

"Wakubwa kiasi gani?" aliuliza muuzaji.

Bibi akainua mkono, vidole juu: mmoja usawa wa paja, mwingine usawa wa kifua.

"Bibi, mbona Pasaka iliyopita ulinionyesha hapohapo?"

Akautazama mkono wake. "Ndivyo walivyokuwa walipoondoka, mwanangu. Nifungie tu."

Akafungiwa rangi za mdogo, shanga za mkubwa. Sisi wengine tukaanza kuizungumzia mvua, utadhani wote tuna mashamba.

Mama yangu yuko Newala, basi moja tu. Nasikia mgongo umeanza kupinda. Nikiulizwa kimo chake, mkono nitauweka wapi?